Springi ya Kilo Themanini

Zamani, alipokuwa bado na kiuno, watu walimwita Kapaa. Jina hilo hakujipa mwenyewe. Alipewa na umati uliosimama kwenye kamba ya uwanja wa motokrosi, siku aliporuka kilima kirefu kuliko vyote na pikipiki ikachelewa kutua, mpaka mama mmoja akafumba macho na mtu nyuma yake akapiga kelele, "Kapaa!" Toka siku hiyo hata mkewe akimwita kwa jina la kwenye kitambulisho, haitiki mara ya kwanza.

Sasa ana miaka arobaini na saba, kilo themanini kamili, na karakana iliyobanana ubavuni mwa nyumba yake: benchi moja la mbao, jiliwa ya kubania vyuma iliyolika meno, na msumari wa kutundikia vitambaa. Anatengeneza pikipiki ya yeyote anayekuja akiisukuma. Lakini pikipiki moja hukaa ndani, chini ya turubai, na hiyo mteja haruhusiwi hata kuiegemea. Ni ya motokrosi, haina taa wala honi wala vioo, na ubavuni imeandikwa namba sitini na nne. Ni ya binti yake wa pekee, mwenye miaka kumi na saba.

Tuseme ukweli mapema, tusizungukezunguke. Kapaa alikuwa anamwonea wivu binti yake wa kumzaa. Alimpenda, ndiyo, angempa figo bila kuuliza ni ipi. Lakini binti alipomaliza wa pili, Kapaa alimkumbatia kwa moyo mweupe na maneno ya kumfariji yalimtoka yenyewe. Alipomaliza wa kwanza, ilimbidi ayatafute. Alikuwa akiinama kukagua cheni ambayo haina tatizo lolote, ili uso upate muda wa kujipanga.

Mwanzoni mambo yalikuwa matamu. Binti alipoanza kushindana na watoto wenzake, watu walisema, "Huyo ni binti Kapaa, damu haipotei," na Kapaa alitembea kifua mbele wiki nzima. Miaka ikaenda, binti akaongezeka kasi, na siku moja pale uwanjani mwanamume aliyekuwa akinunua soda alimgeukia mwenzake akasema, "Unamwona yule mzee mwenye ovaroli? Ndiye baba yake Sitini na Nne." Mzee! Kapaa alisikia kwa masikio yake mawili. Jioni alimweleza mkewe, akitegemea kuhurumiwa. Mkewe, karani wa shule, mwanamke asiyekosa neno, alicheka mpaka akaweka chini kisu cha kukatia vitunguu.

"Sasa Baba Sitini na Nne," alisema, "si ndiyo heshima hiyo? Wenzako hawajulikani hata ni baba nani."

Na kuanzia siku hiyo akawa anamwita hivyo hivyo, kila akitaka kumtuma dukani.

Nchi yao, kwenye mashindano ya mataifa, ilikuwa msindikizaji wa miaka yote. Kila taifa hupeleka waendeshaji watatu, alama zao zinajumlishwa, na wao walikuwa wakitolewa raundi ya kwanza, wanapiga picha na mabingwa, wanarudi. Kisha kikazuka kizazi hiki cha watoto. Sijui walilishwa nini. Kulikuwa na mvulana mmoja mrefu waliyemwita Ngazi, anayepita kwenye matope kama yupo sebuleni kwao. Kulikuwa na mapacha wa mwenye mashine ya kokoto, waliojifunzia kwenye marundo ya baba yao. Na kulikuwa na Sitini na Nne, anayekata kona akiwa ameinama mpaka mpini unakaribia kugusa udongo. Magazeti yakaanza kuandika. Watu ambao hawakuwahi kuona motokrosi wakaanza kubishana juu yake kwenye foleni ya benki. Chama kilipobandika ubaoni karatasi ya timu, wakaitwa Ngazi, pacha mmoja (mwenzake hakusema na mtu siku nne), na yeye, msichana wa kwanza.

Kapaa alipiga makofi kuliko wote. Halafu akaingia chooni, akakaa juu ya mfuniko, akabaki pale.

Kwa sababu yeye naye aliitwa. Miaka ishirini na minne nyuma jina lake lilikuwa kwenye karatasi kama ile ile, ubaoni pale pale. Zilibaki wiki mbili waondoke. Mvua ilinyesha usiku kucha, asubuhi kocha akawaambia kile kilima kirefu kisirukwe, kimelowa. Kapaa alikiruka. Akavunja mfupa wa mtulinga, ule wa begani, wenzake wakaenda, na hadi leo hajapanda ndege. Mmoja wa walioenda alikuwa jamaa aliyekuwa akimfuata nyuma kila shindano na kula vumbi lake, mtu mpole asiye na kelele. Hakwenda kuendesha, alikwenda kama fundi, kwa sababu alikuwa na tabia ya kupima kila kitu. Alitembea na futi mfukoni, ile ya chuma inayojikunja yenyewe, na watu wakamwita Bwana Futi. Huyu Futi amekwenda mara tatu. Sasa ndiye fundi mkuu wa chama, ana shati lenye nembo, na binti wa Kapaa anamwita mjomba. Mjomba! Mkewe Kapaa hakuzaliwa na kaka hata mmoja.

Basi hapo ndipo palikuwa na jambo lenyewe. Kila mwendeshaji anasafiri na fundi mmoja, na mwendeshaji ndiye anayemtaja kwenye fomu. Fomu zilitakiwa Jumatatu. Kwa kuwa binti hajatimiza miaka kumi na minane, mzazi lazima atie sahihi. Kapaa alijua jina litakaloandikwa pale. Nani aliyemfundisha mtoto kushika klachi? Nani amefungua injini ile mara kumi na moja? Alikuwa amekwisha kununua sanduku la safari, jipya, lenye magurudumu manne, akalificha chini ya benchi. Mkewe aliliona alipokuwa akitafuta ufagio.

"Unahama?" aliuliza.

"La dharura," Kapaa alijibu.

Mkewe alilivuta mbele na nyuma, akasikiliza magurudumu, akalirudisha mahali pake.

Kuna jambo lingine ambalo Kapaa hakumwambia mtu. Binti alikuwa shule Jumatatu mpaka Ijumaa, na pikipiki ilikuwa nyumbani, chini ya turubai, karibu naye kuanzia asubuhi hadi jioni. Mtu gani angevumilia? Miaka miwili ilikuwa imepita tangu alipojiambia kwamba ni lazima aijaribu kabla ya Jumamosi, ahakikishe iko sawa. Akawa anaipakia kwenye kigari mara tu binti akishatoka na mkoba wake, anakwenda uwanjani kabla watu hawajafika, anazunguka mara tatu, nne, wakati mwingine kumi. Anarudi, anaiosha, anaifuta mpaka inang'aa, anaifunika, anafungua mlango wa karakana kwa wateja. Kila alipohisi nyuma inazama, alikaza springi ya shokapu kidogo. Iliposhindikana kukaza zaidi, akaagiza springi nyingine, nene. Baada ya hapo pikipiki ilikaa vizuri ajabu.

Binti alilalamika mara moja tu. Alisema viganja vinamtoka malengelenge na mgongo unamuuma, pikipiki inampiga. Kapaa alimwambia ana mikono ya kushika kalamu. Akamfunga plasta, na moyoni, huku akifunga, alijisikia vizuri kidogo. Enzi zake watu waliendesha na damu ndani ya glavu.

Jumamosi ya mwisho kabla ya fomu, chama kiliita timu uwanjani kwa ukaguzi. Jua lilikuwa limeshapanda, gari la maji limekwisha pita, udongo unanukia. Wazazi walikuwa wamekaa kwenye viti vya plastiki. Bwana Futi alianza na pikipiki ya Ngazi, akaja kwa pacha, akafika kwa Sitini na Nne. Kapaa alikuwa amesimama pembeni mikono nyuma, kama mwenye nyumba anayekaguliwa na mtu aliyekuja kupanga.

"Imetunzwa hii," alisema Futi. "Ndugu yangu, hongera."

"Ndiyo kazi," alisema Kapaa.

"Mama, panda. Vaa kila kitu, helmeti na buti zako, ukae kama unavyokaa ukiendesha."

Binti akapanda. Pacha akaishika pikipiki kwa mbele. Futi akachuchumaa nyuma, akatoa futi yake, akapima kutoka kwenye ekseli hadi kwenye madigadi. Alikuwa amepima kwanza ikiwa tupu, hewani, juu ya stendi. Jambo hili fundi yeyote wa motokrosi analijua: mwendeshaji akikaa, nyuma inatakiwa kuzama sentimita kumi hivi. Ikizidi, pikipiki inaburuta mkia. Ikipungua, kila bonde linampiga mgongoni na gurudumu halishiki ardhi.

Futi alisoma. Akapima tena.

"Tano na nusu," alisema.

"Pima vizuri," alisema Kapaa.

Futi akapima mara ya tatu, hakukasirika. Tano na nusu. Akainama akaangalia springi, akasoma namba iliyopigwa kwenye chuma, akakuna shingo. Hapo ndipo akafanya lile ambalo Kapaa hatamsamehe, na halikuwa kosa.

"Mama, shuka kidogo," alisema. "Ndugu yangu, hebu panda wewe."

"Mimi wa nini?"

"Hebu panda tu."

Wazazi kwenye viti vya plastiki walikuwa wanatazama, kocha anatazama, na mtu akikataa kupanda pikipiki aliyoitengeneza mwenyewe atasema ni kwa nini? Kapaa akapanda. Mwili wake ukajua mahali pa kila kitu, magoti yakabana tangi yenyewe. Futi akachuchumaa. Ile futi ya chuma ikalia ilipojivuta.

"Kumi," alisema Futi. "Kumi kamili."

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Ngazi akaangalia viatu vyake. Kapaa alibaki juu ya kiti, masikio yanawaka moto, maana hata mtoto wa shule angefanya hesabu hiyo: binti ana kilo hamsini na tatu, baba ana themanini, na pikipiki inamtoshea baba. Miaka miwili mtoto alikuwa anashindana na nchi nzima juu ya pikipiki ya mtu mwingine, na bado akawashinda.

Futi alimfuata kwenye kigari wakati wengine wanakunywa maji. "Usilichukulie vibaya," alisema kwa sauti ya chini. "Binti yuko shule wiki nzima, utaipima na nani? Hata mimi ningekosea hivyo hivyo." Akampa springi nyembamba, mpya, ndani ya boksi lake. Kapaa angependa zaidi kupigwa kofi. Futi asingekosea hivyo hata siku moja. Futi angesubiri Jumamosi, angemkalisha mtoto, angepima. Kusubiri Jumamosi kulikuwa na ugumu gani? Hakukuwa na ugumu wowote. Ila Jumamosi na Jumapili pikipiki ni ya binti, na siku nyingine zote ilikuwa yake.

Walirudi nyumbani. Mkewe alipowaona wanaingia, alimtazama mmoja, akamtazama mwingine, akasema chakula kipo mezani na yeye anakwenda kwa jirani.

Kapaa hakula. Aliingia karakana moja kwa moja, akaitundika pikipiki kwenye stendi, akaanza kufungua boliti za shokapu. Alifungua kwa hasira mpaka spana ikamteleza na kumkwangua vidole. Binti akaja akasimama mlangoni, bado ana suruali ya mashindano, plasta zinamning'inia viganjani.

"Baba, nikusaidie?"

"Mwite mjomba wako akusaidie."

Maneno yalimtoka kabla hajayazuia. Binti hakuondoka. Aliingia akashika taa ya mkono, akamulika pale baba anapofungua, kama alivyokuwa akifanya tangu ana miaka sita.

"Ulikuwa unajua?" Kapaa aliuliza, macho kwenye boliti.

"Kwamba ni ngumu? Nilijua. Sikujua ni kiasi kile."

"Sisemi hiyo."

Binti akahamisha taa mkono mwingine. "Kwamba unaiendesha? Baba, Jumapili naiacha ina vumbi, nimechoka, siioshi. Jumamosi naikuta inang'aa. Pikipiki haijiogeshi."

Kapaa aliacha kufungua.

"Siku moja nilisahau daftari nikarudi nyumbani," binti aliendelea. "Nikakuona unashusha pikipiki kwenye kigari. Ulikuwa unacheka peke yako. Hukuniona. Nikaenda zangu shule bila daftari, nikaadhibiwa."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema nini? Ungeacha."

Hapo wivu wa Kapaa ulipata mahali papya pa kuuma. Mtoto alimshinda kwa kasi, akamshinda kwa jina, akaenda kwenye karatasi ubaoni, na sasa kumbe alimshinda hata kwa wema, tena kwa miaka miwili bila kutangaza. Alitaka kumwambia samahani. Alichosema ni, "Mulika vizuri, sioni."

Walifunga springi mpya. Kapaa akaifungua droo, akatafuta chini ya misumari na kamba, akatoa futi ya kitambaa, ya kupimia nguo, ya mkewe. Akamwambia binti avae helmeti na buti.

"Kaa," alisema. "Kama unavyokaa ukiendesha. Usijilegeze."

Akapima. Kumi na moja. Akakaza kidogo, akapima. Kumi na nusu. Akakaza tena. Mara yake ya kwanza kumpima mwanawe, na magoti yalimuuma kwa kuchuchumaa. "Kumi," alisema.

Nyuma ya nyumba zao kuna eneo la wazi lenye mabonde, palipoanza kujengwa ghala na kuachwa. Binti akaitoa pikipiki, akaiwasha, akaenda. Kapaa alisimama kwenye kona ya ukuta. Aliona tofauti kwenye bonde la kwanza kabisa. Gurudumu la nyuma, ambalo siku zote lilikuwa likidunda na kumrusha mtoto kama kipande cha ubao, lilikaa chini, likashika, likamsukuma mbele. Binti alikata kona kwenye lundo la mchanga akiwa ameinama kuliko Kapaa alivyowahi kuinama maishani. Kisha akalipanda lile lundo la kifusi, akaruka, akakaa hewani. Kapaa alifungua kinywa, na neno lililomjia ni lile lile, jina lake mwenyewe. Alilimeza.

Binti akarudi, akavua helmeti, uso mzima unacheka.

"Baba! Kumbe ndivyo inavyokuwa!"

"Ndivyo," alisema Kapaa.

Binti akaisukuma pikipiki hadi ndani. Akatoa fomu kwenye mkoba, karatasi iliyokunjwa mara nne, akaiweka juu ya benchi. Kila kitu kilikuwa kimejazwa kwa mwandiko wake mzuri wa shule, isipokuwa sahihi ya mzazi na mstari mmoja juu yake. Mstari wa fundi ulikuwa mtupu.

"Hiyo jaza wewe," alisema. "Utakayeandika, mimi sina neno. Kweli, Baba."

Akaenda kuoga. Kapaa alisikia maji yanaanza kumwagika upande wa pili wa ukuta.

Alivuta stuli, akaikalia, akainuka. Aliliangalia sanduku chini ya benchi. Anaweza kuandika jina lake, nani wa kumzuia? Sasa anajua kupima. Atajifunza. Atapanda ndege, atasimama kando ya njia kule mbali akiwa na shati lenye nembo, na watu watauliza huyu ni nani, na kuna wazee wengine watakaokumbuka. Alitaka safari hiyo kwa njaa ambayo haikupungua hata kidogo kwa miaka ishirini na minne. Na akimwandika Futi, Futi ataiona mara ya nne! Mara ya nne, yule aliyekuwa akila vumbi lake!

Akainua mguu, akapanda pikipiki, kidogo tu, akae.

Nyuma ilizama. Ilizama chini yake mpaka ikagota, chuma kikalia, mbele kukainuka na mpini ukamjia kifuani. Alijaribu kusogea mbele, akajaribu kusimama kwenye vikanyagio na kukaa tena taratibu. Ikagota tena. Hapakuwa na mahali pake. Alikaa hivyo kwa muda, kilo themanini, miguu imegusa sakafu pande zote mbili, akisikiliza mwanawe akiimba bafuni kwa sauti mbovu.

Kisha akashuka. Akachukua kalamu, akaandika jina la Bwana Futi, lile la kwenye kitambulisho, akikandamiza kwa wivu mpaka kalamu ikatoboa karatasi kwenye herufi ya mwisho. Akatia sahihi yake chini.

Mikono yake, kwa mazoea ya miaka miwili, ilikwenda msumarini ikachukua kitambaa. Aliinama juu ya pikipiki. Kulikuwa na vumbi kwenye tangi, kwenye madigadi, kwenye ile namba sitini na nne, vumbi jekundu la mabonde ya pale nyuma. Alibaki ameinama na kitambaa mkononi. Vumbi lile halikuwa lake. Akakirudisha kitambaa msumarini, akazima taa ya mkono, akaenda kula.